Je, Sam Sheppard alimuua mkewe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kesi ya Bay Village

Kesi hii imepita mbele ya majuri matatu, na kila moja limetoka na jibu lake. Ndiyo maana mabishano hayaishi: mmoja anashika hukumu ya 1954, mwingine ya 1966, wa tatu anatoa ya 2000, na kila mmoja anaamini ameshamaliza hoja. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila kesi inapozungumzwa. Unaweza kusoma moja ukaacha mengine. Pale jibu linapotegemea swali jingine, namba yake imetajwa.

## Msingi wa kisa

1. Kesi yenyewe ni ipi?

Alfajiri ya tarehe 4 Julai 1954, Marilyn Sheppard, mwanamke wa miaka 31 mwenye mimba ya miezi 4, alikutwa ameuawa kitandani nyumbani kwake Bay Village, kitongoji cha jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Alikuwa amepigwa kichwani zaidi ya mara 20. Mwanawe wa miaka 7 alikuwa amelala chumba cha pili na hakuamka.

Mtu mzima mwingine aliyejulikana kuwemo ndani usiku huo ni mumewe, Dk. Sam Sheppard, daktari wa upasuaji mwenye miaka 30 aliyefanya kazi katika hospitali ya familia yake pamoja na baba na kaka zake. Mwezi Desemba 1954 alitiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la pili, yaani ya kukusudia lakini yasiyopangwa mapema, akafungwa maisha. Mwaka 1966 kesi ilisikilizwa upya, akaachiwa huru. Mwaka 2000, akiwa amekwisha kufa, msimamizi wa mirathi yake alikwenda mahakamani kutaka itamkwe kwamba hakuwa na hatia, akashindwa.

2. Sheppard mwenyewe alisema nini kilitokea?

Usiku wa tarehe 3 walikuwa na wageni, majirani zao, wakaangalia televisheni pamoja. Sheppard alisinzia kwenye kitanda kidogo cha sebuleni. Wageni waliondoka baada ya saa sita usiku, Marilyn akapanda kulala.

Alisema aliamshwa na sauti ya mkewe ikimwita au ikilia, akakimbia juu, akaona umbo la mtu chumbani, kisha akapigwa akazimia. Alipozinduka alimpima Marilyn mapigo ya moyo, hakuyapata. Akaenda kumtazama mtoto. Akasikia kishindo chini, akashuka mbio, akamfukuza mtu hadi ufukweni mwa ziwa. Walikamatana. Alimweleza kuwa mtu mwenye nywele zilizosimama kama kichaka. Akazimia tena, na alipoamka mwili wake ulikuwa nusu majini. Alirudi nyumbani na karibu saa kumi na mbili kasoro alfajiri akampigia simu jirani yake, ambaye pia alikuwa meya wa mji.

Maelezo haya hakuyabadilisha kwa sehemu kubwa mpaka kufa kwake. Wanaomwamini wanaiona hiyo kuwa dalili ya ukweli. Wasiomwamini wanasema yalikuwa na giza kila mahali palipotakiwa mwanga, na hapo siwezi kuwalaumu.

3. Kwa nini alishukiwa tangu siku ya kwanza?

Hapakuonekana dalili ya mlango kuvunjwa. Fulana aliyokuwa amevaa usiku haikuwa mwilini mwake. Mfuko uliokuwa na saa yake, pete na funguo ulikutwa kichakani nyuma ya nyumba, na wapelelezi waliona ni wizi wa kuigiza, kwani mwizi hatupi alichoiba hatua chache kutoka mlangoni.

Kilichomwangamiza zaidi ni uongo wake. Aliulizwa chini ya kiapo kama alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamke aliyewahi kufanya kazi hospitalini kwao. Akakana. Baadaye mwanamke huyo alikiri, na kuanzia hapo upande wa mashitaka ukawa na sababu ya mauaji na mshitakiwa aliyekwisha onekana anaweza kudanganya baada ya kuapa. Kuzini si kuua, wala kuficha uzinzi si kukiri mauaji. Lakini juri la watu wa kawaida likisha kukushika kwenye uongo mmoja, linakusikiliza kwa sikio jingine.

4. Na Marilyn? Mbona hatajwi?

Ni kweli, na ni aibu. Alikuwa amejuana na Sam tangu sekondari, wakaoana mwaka 1945 huko California. Alikuwa mama wa mtoto mmoja, anamngojea wa pili. Katika simulizi nyingi anaingia akiwa maiti na hatoki hapo. Kila hoja iliyomo kwenye ukurasa huu, iwe ya damu, ya magazeti au ya vinasaba, inamhusu yeye kwanza.

## Magazeti na hukumu ya 1954

5. Ni kweli kwamba magazeti ndiyo yaliyomfunga?

Yalifanya kazi kubwa kuliko gazeti linavyopaswa kufanya. Gazeti la Cleveland Press, chini ya mhariri Louis Seltzer, liliweka ukurasa wa mbele tahariri zilizodai kwamba kuna mtu anaachwa akwepe adhabu ya mauaji. Tarehe 21 Julai liliuliza kwa nini uchunguzi wa hadharani wa kifo haujafanywa, likimtaja kwa jina mchunguzi wa vifo wa kaunti, Dk. Samuel Gerber, na kumtaka aufanye mara moja. Siku iliyofuata uchunguzi ulianza. Tarehe 30 Julai kichwa cha habari kiliuliza kwa nini Sam Sheppard hayumo jela. Usiku uleule alikamatwa.

Uchunguzi wenyewe ulifanyika katika ukumbi wa mazoezi wa shule, mbele ya mamia ya watazamaji na vipaza sauti vya redio. Sheppard alipekuliwa mwilini mbele ya umati. Wakili wake hakuruhusiwa kushiriki, na alipojaribu kusema alitolewa nje huku watu wakishangilia.

Haya yote yalitokea kabla hajashtakiwa. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba Sheppard aliua na bado akakubali kwamba hakuna mshitakiwa anayestahili kuanza kesi yake namna hiyo.

6. Juri ni nini hasa, na lilikuwa na kasoro gani?

Juri ni wananchi wa kawaida, hapa 12, wanaosikiliza ushahidi na kuamua wenyewe kama mshitakiwa ana hatia. Si kama wazee wa baraza waliozoeleka katika mahakama za Tanzania, ambao walikuwa wakitoa maoni na jaji akabaki huru kuyafuata au kuyaacha. Uamuzi wa juri ndio uamuzi.

Kasoro zilikuwa wazi. Majina na anwani za watu 75 walioitwa ili juri lichaguliwe kutoka kwao zilichapishwa kwenye magazeti yote 3 ya Cleveland, wakaanza kupokea barua na simu kuhusu kesi. Kati ya wale 12 waliokaa, 7 walikuwa wakiletewa gazeti moja au zaidi la jijini nyumbani kwao. Hawakutengwa na jamii mpaka walipoanza kujadiliana, na hata wakati huo waliruhusiwa kupiga simu.

7. Jaji alikuwa na upendeleo?

Jaji Edward Blythin alikuwa mgombea. Kesi ilianza Oktoba 1954, wiki mbili kabla ya uchaguzi ambao yeye alikuwa akitetea kiti chake na mwendesha mashitaka mkuu alikuwa akigombea ujaji. Hakuna kati yao aliyekuwa na sababu ya kuwaudhi waandishi wa habari.

Ndani ya chumba kidogo cha mahakama aliruhusu meza ya waandishi kuwekwa sehemu ya mbele, hatua chache kutoka kwa juri na kwa mshitakiwa, kiasi kwamba Sheppard na mawakili wake walishindwa kunong'onezana bila kusikiwa. Kituo cha redio kilipewa nafasi ya kutangazia katika chumba kilichopakana na chumba cha juri.

Kuna na hili: mwaka 1964 mwandishi mashuhuri Dorothy Kilgallen alieleza kwamba jaji alimwambia faraghani, kesi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, kwamba Sheppard bila shaka ana hatia. Blythin alikuwa amekwisha kufa, hivyo hakuweza kujibu. Kwa hiyo mimi sijengi hoja juu ya maneno hayo. Yaliyoonekana mahakamani kwa macho ya wote yanatosha.

## Kufunguliwa na kesi ya pili

8. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema Sheppard hana hatia?

Hapana. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Tarehe 6 Juni 1966, kwa kura 8 dhidi ya 1, Mahakama ya Juu ilisema hakupata kesi ya haki. Jaji Tom Clark aliandika hukumu hiyo, akaelezea hali ya kesi ya 1954 kuwa ya kanivali na akamlaumu jaji wa kesi kwa kushindwa kuwadhibiti waandishi na kulinda juri. Hakusema lolote kuhusu nani alimuua Marilyn. Ohio ilipewa nafasi ya kumshtaki upya au kumwachia.

Kabla ya hapo, Julai 1964, jaji wa shirikisho Carl Weinman alikuwa amekwisha kuifuta hukumu hiyo akiiita dhihaka kwa haki, na Sheppard akatoka gerezani baada ya karibu miaka 10. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikatengua uamuzi wa Weinman mwaka 1965, ndipo shauri likapanda hadi juu.

Hukumu ya 1966 inafundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya Marekani. Inamwelekeza jaji afanye nini kelele za nje zinapotishia kesi: kuihamishia wilaya nyingine, kuiahirisha, kulitenga juri, kuwazuia mawakili na mashahidi kuongea na waandishi.

9. Nini kilibadilika kwenye kesi ya pili?

Jaji mwingine, juri lililotengwa, waandishi wachache, na wakili kijana aitwaye F. Lee Bailey. Upande wa mashitaka mara hii haukutegemea habari za hawara. Utetezi ulimleta Paul Kirk, mtaalamu wa uchunguzi wa jinai kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley (tazama swali la 11). Bailey pia alimbana Dk. Gerber kuhusu chombo cha upasuaji (tazama swali la 12). Tarehe 16 Novemba 1966 juri lilimwona hana hatia.

10. Kwa nini mara ya pili hakupanda kizimbani kutoa ushahidi? Si dalili ya hatia?

Katiba ya Marekani inampa mshitakiwa haki ya kukaa kimya, na juri haliruhusiwi kuuhesabu ukimya huo dhidi yake. Mwaka 1954 alitoa ushahidi na akafungwa. Wakili yeyote makini angemshauri anyamaze.

## Ushahidi

11. Damu ilionyesha nini?

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo watu wenye nia njema wanapotofautiana kweli.

Kirk aliingia katika nyumba ile Januari 1955, baada ya hukumu, pale utetezi ulipokabidhiwa funguo. Tafakari hilo kwanza: wakati mtu anahukumiwa, upande wake ulikuwa bado haujakipima chumba cha mauaji. Kirk alisoma jinsi damu ilivyoruka ukutani akahitimisha kwamba muuaji alitumia mkono wa kushoto. Sheppard alitumia wa kulia. Alikuta doa kubwa kwenye mlango wa kabati la nguo ambalo, kwa vipimo vyake, halikuwa la Marilyn wala la Sam. Alieleza pia kwamba meno ya Marilyn yaliyovunjika yalivutwa kwa nje, kana kwamba alimng'ata mshambuliaji. Sheppard hakuwa na jeraha la kung'atwa wala kidonda kilichokuwa kikivuja damu. Na matone ya damu yalikutwa sehemu mbalimbali za nyumba, mbali na kitanda.

Upande wa mashitaka una majibu. Matone yanaweza kuwa yalidondoka kutoka kwenye silaha, si kutoka kwenye kidonda cha muuaji. Kupima makundi ya damu kwa madoa makavu ya miezi 6, kwa mbinu za miaka ile, hakukuwa na uhakika anaotaka Kirk tuwe nao. Kisha kuna saa ya mkononi ya Sheppard: vitone vya damu vilivyokuwamo vilisemekana viliruka juu yake wakati wa kipigo, maana yake aliyeivaa alikuwepo. Utetezi ukajibu kwamba damu ilimgusa alipompima mkewe mapigo.

Nikipima yote, nadhani Kirk alidai zaidi ya alichoweza kuthibitisha kuhusu lile doa, lakini hoja ya kidonda haijajibiwa vizuri. Suruali ya Sheppard ilikuwa na doa la damu gotini. Kwa kipigo cha namna ile, lazima damu ilimrukia muuaji. Wanaosema aliogea ziwani wanasema kitu kinachowezekana. Hawajakithibitisha.

12. Silaha ilipatikana?

Haikupatikana kamwe. Mwaka 1954 Dk. Gerber aliliambia juri kwamba alama ya damu kwenye mto ilikuwa ya chombo cha upasuaji. Fikiria uzito wa neno hilo pale mshitakiwa ni daktari wa upasuaji. Hakukionyesha chombo hicho. Mwaka 1966 Bailey alimuuliza ni chombo gani, naye akalazimika kukubali kwamba alikitafuta kwa muda mrefu na hakukipata.

13. Mbwa wa nyumbani hakubweka. Je?

Hakuna aliyesikia akibweka. Mbwa wengi hawabweki mtu wanayemjua anapoingia, na wengine hawabweki kabisa. Hoja hii siitegemei sana.

14. Majeraha yake yanaweza kuwa ya kujitengenezea?

Alikuwa na uso uliovimba, meno yaliyoharibika na maumivu ya shingo. Mtaalamu wa mishipa ya fahamu aliyemchunguza alitoa ushahidi kwamba baadhi ya miitiko ya mwili haikuwepo, jambo ambalo mtu hawezi kuliigiza. Wapinzani wanasema alitibiwa katika hospitali ya familia, chini ya kaka zake, hivyo waliobaki nje hawakupata nafasi ya kumwona mapema kama ilivyotakiwa. Lawama hiyo ni ya haki. Kwa upande mwingine, Marilyn naye angeweza kumpiga akijitetea, kwa hiyo majeraha peke yake hayaamui chochote.

## Eberling, vinasaba na kesi ya 2000

15. Richard Eberling ni nani?

Alikuwa msafisha madirisha aliyefanya kazi nyumbani kwa akina Sheppard. Mwaka 1959 alikamatwa kwa wizi, na miongoni mwa vitu alivyokutwa navyo ni pete ya Marilyn, aliyoiiba nyumbani kwa kaka yake Sam baada ya mauaji. Bila kubanwa sana, aliwaambia polisi kwamba siku chache kabla ya mauaji alijikata akisafisha madirisha na damu yake ikadondoka ndani ya nyumba ile. Mwaka 1989 alitiwa hatiani kwa kumuua bibi mzee aliyekuwa akimtunza. Alifia gerezani mwaka 1998, bila kushtakiwa kwa kifo cha Marilyn.

Watu wengi wakisoma aya hiyo wanafunga kesi. Naomba wasubiri. Mwizi aliyekuja kuua mtu mwingine miaka 30 baadaye ni mshukiwa wa kufuatiliwa, na polisi wa Cleveland walipaswa kumfuatilia kwa bidii. Lakini kumtangaza muuaji kwa sababu tabia yake inafanana na ya muuaji ndiko kulekule kulikofanywa na Cleveland Press kwa Sheppard. Baadhi ya watetezi wa Sheppard wamemhukumu Eberling kwa kipimo ambacho wangekikataa kwa mtu wao.

16. Vipimo vya vinasaba havikumaliza mabishano?

Mwaka 1997 kaburi la Sheppard lilifukuliwa ili sampuli ichukuliwe. Mtaalamu aliyeajiriwa na upande wa familia alisema baadhi ya madoa yalikuwa na vinasaba vya mtu ambaye si Sam wala Marilyn, na kwamba Eberling hakuweza kuondolewa kwenye orodha. "Hakuweza kuondolewa" si sawa na "ni yeye". Vielelezo vilikuwa na zaidi ya miaka 40, vimeshikwa na mikono mingi, na vilikusanywa zama ambazo hakuna aliyejua kwamba siku moja mguso wa kidole ungeacha ushahidi.

17. Kama aliachiwa huru 1966, iweje familia ishindwe mwaka 2000?

Kwa sababu swali lilikuwa tofauti. Mwaka 1966 serikali ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha hatia pasipo kuacha shaka, ikashindwa. Mwaka 2000, katika shauri la madai ya fidia kwa kufungwa kimakosa, mzigo uligeuka: mirathi ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa Sheppard hakuua. Baada ya wiki 10 za ushahidi, juri la watu 8 lilijadiliana kwa takriban saa 3, na tarehe 12 Aprili likasema hilo halikuthibitishwa.

Basi mtu anayesema "juri la 2000 lilimkuta na hatia" anakosea. Anayesema "juri la 1966 lilithibitisha hakuua" anakosea vilevile. Majuri hayo mawili yanaweza kuwa sahihi yote, na mimi naamini ndivyo: ushahidi uliobaki hautoshi kumfunga wala kumsafisha. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya Ohio iliongeza kwamba madai yale hayakupaswa hata kufika kwa juri, kwa kuwa haki ya kudai fidia ilikuwa ya Sheppard mwenyewe na ilikufa naye.

## Maswali ya pembeni

18. The Fugitive, ile tamthilia ya televisheni ya daktari anayesakwa kwa kumuua mkewe, imetokana na kesi hii?

Wengi wanaamini hivyo, na tamthilia ilianza mwaka 1963 Sheppard akiwa bado gerezani. Mtunzi wake alikanusha. Kwa vyovyote, mtu mwenye mkono mmoja, ambaye kwenye tamthilia ndiye muuaji, ni wa tamthilia tu. Katika kesi hii hayumo.

19. Familia ilikuwaje baada ya hukumu?

Ilisambaratika. Tarehe 7 Januari 1955 mama yake Sam alijiua. Siku 11 baadaye baba yake alifariki kwa ugonjwa wa tumbo. Mwaka 1963 baba yake Marilyn naye alijiua. Sam alipotoka alirudi kwenye udaktari kwa muda, akashitakiwa kwa uzembe, akazama kwenye pombe, na kufikia 1969 alikuwa akipigana mieleka ya kulipwa kwa jina la kutisha lililochezea mashitaka yake. Alifariki tarehe 6 Aprili 1970, na miaka 46. Mwanawe alikua akawa mpinzani wa hadharani wa adhabu ya kifo, na ndiye aliyeisukuma kesi mpaka mwaka 2000.

20. Baada ya 1966, Sheppard angeweza kushtakiwa tena kama ushahidi mpya ungepatikana?

Hapana. Katiba ya Marekani hairuhusu mtu aliyekwisha kuonekana hana hatia kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, hata ushahidi uwe mzito kiasi gani. Hiyo ni sababu nyingine ya shauri la 2000 kuwa la madai na si la jinai.

21. Kama Sheppard hakuthibitishwa na Eberling hakuthibitishwa, basi ni nani?

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kushtakiwa. Kwa miaka mingi majina ya majirani na marafiki wa familia yametajwa, hata na mawakili mahakamani, bila mtu yeyote kati yao kufunguliwa mashitaka. Ukurasa huu hauyarudii majina hayo. Nyumba yenyewe ilibomolewa mwaka 1993, na vielelezo vilivyobaki ndivyo vilevile vilivyopimwa na kubishaniwa miaka ya 1990 (tazama swali la 16).